Stelingi ya Pikapu: Pa Kuimarisha na Pa Kuacha

Agosti 2004, huko Kumamoto kusini mwa Japani, Hilux Surf moja ilikatika fimbo ya stelingi ikiwa safarini. Dereva akabaki anazungusha usukani usioamuru kitu, gari likagonga jingine, watu watano wakaumia. Oktoba mwaka huohuo Toyota iliziita gereji Hilux na Surf zaidi ya 330,000 zilizoundwa kati ya 1988 na 1996. Marekani, ambako pikapu hizo na ndugu yao 4Runner ziliuzwa kwa wingi, mwito haukutoka hadi Septemba 2005, na uligusa karibu magari milioni moja. Desemba 2010 kampuni ikakubali kuilipa serikali ya Marekani faini ya dola milioni 16.05 kwa kuchelewa huko.

Kilichokatika ni rilei rodi, fimbo ya kati inayopita chini ya injini na kuyaunganisha magurudumu mawili ya mbele na stelingi boksi. Haikugongwa na jiwe. Ilichoka. Maelezo ya kampuni yaligusa jambo ambalo kila dereva hulifanya bila kufikiri: kukata usukani hadi mwisho gari likiwa limesimama, kama wakati wa kuegesha. Tairi halibingiriki, limeng'ang'ania lami, na nguvu yote ya stelingi inayosaidiwa na pampu huishia kuipinda fimbo kwa kiasi kidogo mno, mara maelfu kwa maelfu, hadi ufa unaanza na kukua.

Hilux na Surf za miaka hiyo zilishuka kwa wingi bandarini Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zikiwa zimeshatumika, na bado zinafanya kazi. Barua ya kuitwa gereji ilitumwa kwa mwenye gari wa Japani. Haimfuati aliyenunua kwa mkono wa nne kwenye mitaa ya biashara ya magari na spea kama Gerezani au Kirinyaga Road. Mnunuzi huyo huenda ana gari ambalo kiwanda chenyewe kilikiri kwamba fimbo yake ni dhaifu kuliko kazi inayofanya, na hajui.

Kwenye gereji zetu swali la stelingi iliyochoka huulizwa kwa ufupi: kipi kibovu, tubadilishe au tuchomelee? Swali hilo ni dogo kuliko tatizo. Stelingi ni mnyororo. Mzigo unaoingilia kwenye tairi hupita kila kiungo hadi mikononi mwa dereva, na ukikikaza kiungo kimoja mzigo hauondoki, unahamia kwa jirani. Ndiyo maana anayetaka kuimarisha lazima aamue kwanza angependa kitu gani kishindwe mwanzo, na kishindwe vipi: kwa kupinda au kwa kukatika. Fimbo iliyopinda hukuonya; usukani unakaa upande, matairi yanalia, unaendesha polepole hadi kijiji cha mbele. Kichwa cha boljointi kikichomoka hakionyi mtu.

Pikapu za Afrika Mashariki zina stelingi za namna tatu, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu kwa nyingine. Ya kwanza ni ya ekseli nzima mbele: Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza 1984, na Hilux za dizeli za zamani kama LN106. Kwenye Land Cruiser ya koili springi mbele, ile 79 iliyotoka 1999, boksi imefungwa kwenye chasisi, mkono wa pitmani unaisukuma draglinki, draglinki inasukuma mkono wa nako, yaani kile chuma kinachobeba habu ya tairi, na tairodi ndefu inalivuta tairi la upande wa pili. Nako zenyewe huzunguka juu ya beringi mbili za koni, juu na chini, ambazo mafundi huziita kingpini. Namna ya pili ni ya Hilux zenye toshenibaa: boksi ipo, lakini rilei rodi imeshikwa na pitmani upande mmoja na aidla upande mwingine, kisha zinafuata tairodi mbili na boljointi. Ya tatu ni reki, iliyokuja na Hilux Vigo mwaka 2004 na kuendelea kwenye Revo ya 2015. Hapo hakuna pitmani wala aidla, na kazi kubwa ni kubadilisha: bushi za reki, tairodi za ndani, tairodi endi. Sina mengi ya kusema juu yake. Ubishi mkubwa uko kwenye zile mbili za mwanzo, na hizo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa wa kazi vijijini.

Fundi mzuri haanzi na jeki. Gari hubaki limesimama juu ya magurudumu yake, uzito ukiwa palepale unapokuwa njiani, na mtu mmoja anaingia ndani. "Bosi, washa, tikisa stelingi kidogo kidogo, usikate," sauti inatoka chini. Kiganja chake kimefunika kiungo, vidole viko juu ya fimbo na gumba liko kwenye jicho la mkono unaoshikwa na fimbo hiyo. Kiungo kizima, pande mbili huondoka pamoja. Kiungo kilichokufa, upande mmoja hutangulia, wa pili hufuata baada ya mgoto mdogo ambao kidole huusikia kabla ya sikio. Anaanzia kwenye shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani, kwa kuwa viungo vyake vidogo vikiisha humpa dereva ulegevu uleule wa tairodi mbovu, na watu wamenunua boksi nzima kwa ajili ya kijiungo cha shafti. Kisha anatazama boksi: je, pitmani inasogea papo hapo shafti inapozunguka, au boksi yote inajongea kwenye chasisi? Hilo la mwisho ni muhimu sana, na nitalirudia. Vitabu vya Toyota kwa magari mengi ya aina hii huruhusu usukani ucheze hadi milimita 30 ukingoni. Zaidi ya hapo, kuna kitu cha kutafuta.

Jeki inakuja baadaye. Tairi likiwa hewani, shika juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kisha rudia. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za habu. Ukibaki, ni kingpini au boljointi. Dakika mbili za kazi hiyo huokoa fedha nyingi. Kwenye Hilux ya toshenibaa mahali pa kuweka jeki hutegemea mkono ambao toshenibaa imefungwa kwao, na ukikosea boljointi hubaki imebanwa na ubovu wake haujionyeshi. Boljointi ya chini haipaswi kuonewa haya. Ikiachia, tairi hulala ubavuni na pua ya gari hushuka chini.

Ujanja mwingi wa stelingi hufanywa kwenye bolti moja juu ya boksi. Usukani unacheza, fundi analegeza nati, anakaza bolti hiyo kwa bisibisi, mchezo unapungua, mteja anaondoka amefurahi. Meno ya boksi huliwa zaidi katikati, pale gari linapokwenda moja kwa moja, kwa sababu ndipo yanapokaa karibu muda wote. Ukiikaza hadi katikati pasiwe na mchezo, pande za kushoto na kulia ambazo hazijaliwa hubana. Dalili yake ni usukani kukataa kurudi wenyewe baada ya kona. Gari la namna hiyo ni la hatari kuliko lililokuwa likicheza, kwa sababu dereva anaamini limepona. Bolti hiyo ina kazi yake halali, lakini ni ya kugusa mwishoni, baada ya viungo vyote kuthibitishwa, na kwa robo ya mzunguko au chini yake.

Ujanja wa pili ni shokapu ya stelingi. Land Cruiser inayotikisika usukani kwa mwendo wa kati, hasa baada ya kupita shimo, hupelekwa kufungwa shokapu mpya, na mtikisiko unatulia kwa miezi kadhaa. Mtikisiko wa ekseli nzima huzaliwa na ulegevu: bushi za mikono mirefu inayoishika ekseli, bushi za ile fimbo inayoizuia isiende kushoto na kulia, kingpini zilizolegea, tairi lisilo na balansi. Shokapu huzima sauti ya malalamiko hayo, na huku nyuma ulegevu unaendelea kula. Ningependa kila fundi aifungue kwanza shokapu hiyo kabla ya kupima, aione stelingi ikiwa uchi.

Kingpini zinastahili kuangaliwa kwa utulivu kuliko kiungo kingine chochote kwenye Land Cruiser, maana ndizo hupuuzwa zaidi. Beringi hiyo haizunguki kama ya habu. Muda mwingi husogea nyuzi chache tu kushoto na kulia. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, kama ile ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi na kuingia Serengeti, rola zake hupigwa mahali palepale maelfu ya mara hadi zinachimba vijishimo kwenye bakuli. Ukiifungua utaviona: mistari myembamba iliyopangika kwa nafasi sawa, kila mmoja na alama ya rola yake, na pembeni chuma bado kinang'aa kama kipya. Usukani wa gari hilo huwa na kituo katikati, mahali unapojisikia "kuanguka", na dereva hulisifu kwa kushika njia. Kubadilisha beringi peke yake hakutoshi. Sili ya ndani ya ekseli ikivuja, oili ya difu huingia kwenye nako na kuigeuza grisi kuwa uji mwembamba wa kijivu unaochuruzika chini, na beringi mpya inaanza kazi bila mafuta. Kazi iliyokamilika ni beringi, sili, kusafisha kila kitu kwa petroli, grisi mpya, kisha kupima ubano kwa mizani ya springi iliyofungwa kwenye mkono wa nako, ukiongeza au kupunguza shimu. Wengi huruka mizani. Wanasema mkono unajua. Mkono wa fundi mzoefu unajua mengi, lakini tofauti kati ya ubano mzuri na ulegevu utakaoleta mtikisiko ni ndogo kuliko mkono unavyoweza kuhisi.

Sasa kuimarisha. Mahali pa kwanza pa kuweka fedha, kwa maoni yangu, ni pale ambapo nguvu huingia kwenye kitu kinachoishikilia stelingi yote. Kwenye Land Cruiser na Hilux za ekseli nzima, mkono wa nako hufungwa kwa stadi nne zinazopita kwenye wosha za koni. Koni hizo ndizo zinazoufanya mkono usihame hata kwa unywele. Stadi zina kazi ya kuvuta tu. Nati zikilegea, koni hupoteza mshiko, mkono unaanza kujongea, na stadi zinakatwa kwa ubavu, kazi ambayo hazikuumbiwa. Ukiona kutu nyekundu laini imetoka pembeni mwa mkono huo, usiendelee na safari. Fungua, gonga mkono kwa nyundo ya shaba hadi koni ziruke, tupa stadi na koni zote, weka mpya, kaza kwa spana ya torki. Hakuna cha kuchomelea hapo, na bado ni uimarishaji bora kuliko fimbo yoyote nene.

Pili ni chasisi inapofungiwa boksi. Hilux za zamani zina sifa mbaya ya kupasuka chasisi hapo, hasa zenye matairi makubwa, na ndiyo sababu ya kutazama kama boksi inajongea. Hapa kuchomelea ni halali na ni lazima, lakini kwa utaratibu: toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, unganisha ufa, kisha funika kwa bamba ambalo ncha zake zimechongwa kwa mshazari. Bamba la pembe nne lenye mshono ulionyooka kutoka juu hadi chini huhamisha ufa sentimita chache mbele, na mwaka ujao unarudi hapo. Ndani ya chasisi, bolti za boksi zipitie mabomba mazito ili ukikaza usizibonyeze kuta za chasisi zikasinyaa. Kwenye Hilux ya toshenibaa aidla nayo ni ya kundi hili. Bushi zake ni nyepesi kwa kazi yake, na ikilegea tairi la upande wake huelekea linakotaka kila unapopita shimo. Kuna aidla za beringi na kuna mikono ya kuishikilia kwa chini. Zote mbili ni fedha iliyotumika vizuri.

Fimbo zenyewe ndipo ninapotofautiana na wengi. Ni kawaida kuona tairodi imevalishwa bomba jingine na kuchomelewa mzunguko mzima, au fimbo nzima kutengenezwa upya kwa bomba nene lenye nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande mwingine. Bomba nene lililochongwa vizuri kwenye mashine ya kukerezea, lisilo na mshono wowote wa kuchomelea katikati, linakubalika kwa gari linalofanya kazi porini kila siku. Gari la kawaida halilihitaji. Fimbo ya kiwandani ikipiga kisiki hupinda, na ukiwa na nyundo, gogo na subira huinyoosha kiasi cha kukufikisha unakoweza kununua nyingine. Fimbo isiyopinda hupeleka pigo lile lote kwenye kichwa cha tairodi endi, kwenye mkono wa nako, kwenye shafti ya boksi, na hivyo vyote havipindi kwa upole. Kwa hiyo anayefunga fimbo nene afunge na tairodi endi za kiwango cha juu na stadi mpya, au aiache fimbo ilivyo.

Na kuna vitu ambavyo moto haupaswi kuvigusa kamwe: pitmani, mikono ya nako, vichwa vya boljointi, shafti ya boksi. Ni vyuma vilivyofuliwa na kutiwa ugumu wa kupimwa. Ukivichomelea, eneo la kando ya mshono huwa kavu na kukatika ghafla, hata kama mshono wenyewe ni mzuri kuutazama. Fundi anayekubali kuchomelea pitmani iliyopasuka anafanya hivyo kwa kumhurumia mteja asiye na fedha, na huruma hiyo inaweza kuwaua abiria waliokaa nyuma juu ya magunia.

Arusha ni mahali pazuri pa kuyaona haya yote kwa pamoja. Karakana za huko hurefusha Land Cruiser za 70 kwa ajili ya utalii, huongeza viti, paa la kufunguka, bampa nzito, tangi la pili. Mbele panakuwa pazito kuliko kiwanda kilivyokusudia, kisha gari linainuliwa kwa springi ndefu. Gari linapoinuliwa hivyo, ekseli hushuka ikiwa kwenye mikono yake, nako hugeuka na ule mlalo wa nyuma unaolifanya tairi lirudi lenyewe katikati hupungua. Gari linaanza kutangatanga. Draglinki nayo hulala kwa mshazari mkali, na kila tuta linakuwa amri ndogo kwa stelingi. Mwenye gari anashuku boksi. Anachohitaji ni bushi za kurekebisha mlalo huo, na draglinki irudi kulingana na ile fimbo inayoishika ekseli kwa ubavu, zikae sambamba. Rimu zilizotokeza nje na spesa nazo huongeza urefu wa wenzo ambao jiwe hutumia kuipiga stelingi. Kuziondoa hakugharimu chochote, na kunapunguza mzigo kwa viungo vyote kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo kuacha kukata usukani gari limesimama. Acha lijongee kidogo kwanza.

Kubadilisha kiungo kimoja kimoja ni hali ya maisha, na simlaumu mtu anayenunua tairodi endi moja mwezi huu. Afanye kwa jozi za fimbo moja walau, na aanze na kile ambacho kikifa gari halishikiki: boljointi ya chini, stadi za nako, kisha vichwa vya draglinki na tairodi, bushi zifuate. Alaimenti ni ya mwisho. Kulipia alaimenti kwenye gari lenye kiungo kinachocheza ni kupima kitu kisichotulia. Wakati wa kutoa tairodi endi, gonga ubavu wa jicho kwa nyundo mbili zinazokutana, usigonge nyuzi. Wakati wa kufunga, jicho na shina viwe vikavu na safi, bila grisi, na tundu la pini lisipolingana na nati, kaza mbele hadi lilingane. Kurudisha nati nyuma ni kulilegeza shina ndani ya jicho.

Spea bandia ni janga. Chapa za Kijapani zinazoaminika, kama 555, huigwa hadi kwenye kifungashio. Kiungo kipya kizuri ni kigumu kukisogeza kwa vidole na husogea laini bila vituo. Kikitikisika kirahisi mkononi dukani, kitacheza barabarani kabla raba haijapata vumbi. Raba yenyewe ibane shina bila nafasi. Kama kina nipeli, kipigwe grisi kila huduma hadi ile ya zamani itoke, maana kiwanda kimekuachia wewe kazi ya kukitunza.

Kuhusu spea zilizotumika, nimefikia msimamo ulio mgumu kidogo. Kiungo chenye kichwa na bakuli kisinunuliwe kikiwa kimetumika, hata kikionekana kizima, na rilei rodi ya Hilux ya miaka iliyotajwa hapo juu isinunuliwe hivyo kwa bei yoyote. Uchovu wa chuma hauonekani kwa macho. Boksi inaweza kununuliwa ikiwa imetoka kwenye gari la Japani na meno yake yakakaguliwa. Wafanyabiashara wetu huleta pia spea za Land Cruiser kutoka Sharjah, na hapo macho yanahitajika: magari ya Ghuba yana usukani wa kushoto. Beringi za kingpini na sili zake zitakufaa, lakini boksi, pitmani na draglinki zimeundwa kwa upande mwingine wa gari. Kwa Bujumbura au Bukavu, ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara na magari ya usukani wa kushoto na wa kulia yanachanganyika, muulize muuzaji usukani wa gari ambako spea hizo zilitoka ulikuwa upande gani kabla hujauliza bei.